Wataka Kiti? Yatazame Kwanza ya Msambweni

Huenda siku moja, msomaji, mtoto wako aliyemaliza chuo juzi akaketi nawe baada ya chakula cha jioni, akakohoa kidogo, kisha akasema: "Baba, mama, nimeamua. Nitasimama." Usiharakishe kumwuliza amerogwa na nani. Wala usikimbilie kwa jirani kumtangazia kwamba nyumba yako imepata mheshimiwa. Mketishe, umwulize maswali. Na kama wewe mwenyewe ndiwe unayewaza kusimama, basi jiulize maswali hayo hayo kabla hujaenda kupigwa picha za mabango.

Maswali yenyewe ni matatu tu. Nani anakujua? Nani atalipa gharama? Na kura zikishahesabiwa, nani atakuwa anakudai?

Ukitaka kuyajibu kwa mfano wa kweli, vuka feri ya Likoni na ushike njia ya kusini mpaka Ukunda. Hapo umeingia eneo la uwakilishi bungeni la Msambweni, Kaunti ya Kwale. Desemba 15, 2020, katika uchaguzi mdogo uliovuta macho ya nchi nzima, mgombea mpya asiyekuwa na tikiti ya chama chochote alikibwaga chama kilichokuwa na nguvu nyingi kuliko vyote Pwani. Jina lake ni Feisal Bader. Alipata kura 15,251. Omar Boga wa ODM, aliyemfuata, alipata 10,444.

Wengi walioisikia habari hiyo redioni walisema ni bahati. Wengine walisema ni vita vya wakubwa wa Nairobi tu. Kila upande una chembe ya ukweli, lakini mtu anayetaka kugombea kwa mara ya kwanza ana mengi zaidi ya kujifunza humo.

Kiti kilivyobaki wazi

Msambweni ilikuwa na mbunge, Suleiman Dori, aliyechaguliwa mwaka 2013 na tena 2017 kwa tikiti ya ODM. Hakuwa mtu wa kufuata mstari wa chama siku zote. Mwanzoni mwa 2019 alikuwa miongoni mwa wabunge wa Pwani waliotiwa lawamani na chama kwa kuegemea upande wa Naibu wa Rais wa wakati huo, William Ruto. Yeye aliomba radhi, akasamehewa. Machi 9, 2020, aliaga dunia.

Katiba inataka uchaguzi mdogo ufanywe katika muda wa siku 90 tangu kiti kibaki wazi. Lakini siku nne tu baada ya kifo hicho, Kenya ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa Korona. Mikutano ikapigwa marufuku, na uchaguzi ukaahirishwa. Watu wa Msambweni wakakaa miezi tisa bila mbunge, tena katika mwaka ambao hoteli za Diani zilifunga milango na vijana waliokuwa wakiishi kwa watalii walirudi nyumbani mikono mitupu.

Uchaguzi ulipofika, Feisal Bader, aliyekuwa msaidizi wa karibu wa marehemu Dori, aliingia uwanjani kama mgombea huru. ODM ilimsimamisha Omar Boga. Chama cha Jubilee, kilichokuwa kikitawala, kiliamua kutosimamisha mtu, kwa kuwa Rais Uhuru Kenyatta na Raila Odinga walikuwa wamekwisha kupeana mkono tangu Machi 2018. Raila na gavana wa Mombasa wa wakati huo, Hassan Joho, wakawa nyuma ya Boga. Ruto na gavana wa Kwale wa wakati huo, Salim Mvurya, wakawa nyuma ya Bader. Wagombea wengine walikuwepo pia, lakini mbio zilikuwa za hao wawili.

Jina hujengwa kabla ya kampeni

Sasa tulijibu swali la kwanza: nani anakujua?

Hebu fikiri kazi ya msaidizi wa mbunge mashinani. Yeye ndiye anayepokea fomu za basari kutoka kwa mzazi ambaye mtoto wake amefukuzwa shule. Yeye ndiye anayepigiwa simu saa nane za usiku kuna mgonjwa wa kupelekwa hospitali ya Msambweni na gari halipatikani. Maziko yakiwepo Kinondo na arusi ikiwepo Ukunda, mbunge akiwa Nairobi, ni msaidizi anayekwenda kuketi na wenyeji. Hana cheo cha kuandikwa magazetini, lakini anajua nyumba ya nani ina mlango gani.

Mtu wa namna hiyo akisema anagombea, hana haja ya kuanza kwa kujitambulisha. Wapiga kura wamekwisha kumpima, ama kwa wema ama kwa ubaya. Hiyo ndiyo akiba ambayo hakuna bango linaloweza kuinunua. Mcheza kwao hutunzwa.

Linganisha na mgombea tunayemfahamu sote katika kila uchaguzi. Amekaa jijini miaka 15, hajawahi kuonekana katika baraza la chifu wala kamati ya shule. Miezi mitatu kabla ya kura anashuka na magari sita, vipaza sauti vikilia, fulana zikitupwa. Anawaita wazee "wazee wangu" ilhali hajui hata majina yao. Watu watachukua fulana na watacheza ngoma, kisha siku ya kura watamwonyesha kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka.

Kwa hivyo, kijana, ukitaka kiti cha mwaka fulani, hesabu miaka mitano nyuma. Miaka hiyo uliifanyia nini wadi yako? Kama jibu ni "hakuna", huna haja ya mtaalamu wa kampeni kukueleza nafasi yako.

Hotuba moja haitoshi

Watu wa jiji hudhani eneo la uwakilishi ni kitu kimoja, kama sahani moja ya pilau. Msambweni ina wadi nne: Gombato Bongwe, Ukunda, Kinondo na Ramisi. Ukitembea kutoka moja hadi nyingine utadhani umebadilisha nchi.

Ukunda na Diani ni mji wa hoteli. Utakutana huko na Wadigo waliozaliwa hapo, na pia Wakamba, Waluo, Wakikuyu na wengine waliokuja kutafuta kazi. Mpishi wa hoteli na kijana anayeuza vinyago ufukweni watakuuliza habari ya ajira, usalama na njia ya kufika baharini iliyozibwa na kuta za matajiri.

Teremka hadi Kinondo, kwenye msitu wa Kaya Kinondo, mmojawapo wa misitu mitakatifu ya Mijikenda iliyoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008. Huko wazee wataka heshima kwanza, siasa baadaye. Upande wa bara kuna ardhi iliyochimbwa madini ya titani na kampuni ya Base Titanium kwa zaidi ya miaka 10, mpaka uchimbaji ukakoma mwishoni mwa 2024. Swali lilikuwa la nani anafaidika. Siku hizi ni la nini kitafuata.

Gazi na Makongeni wanatunza mikoko na kuuza hewa safi yake kwa mradi wa Mikoko Pamoja. Makongeni pia ni kwa Wamakonde, ambao walikaa Kenya vizazi kadhaa bila vitambulisho. Mwaka 2016 walifunga safari kwenda Ikulu, Nairobi, kudai uraia, na mwaka 2017 wakapiga kura kwa mara ya kwanza. Mtu aliyeingoja kura miaka yote hiyo hawezi kuitoa kwa fulana.

Fika Ramisi. Kiwanda cha sukari kilichokuwa kikilisha eneo zima kilifungwa mwishoni mwa miaka ya 1980, na miwa iliporudi kwa kampuni nyingine, mizozo ya mashamba ilirudi nayo. Ukisema "ardhi" hapo, watu wananyamaza ili wasikie sentensi yako ya pili. Kisha kuna wavuvi wa Shirazi, Bodo na Funzi, ambao kwao barabara ni bahari.

Mgombea mpya anayekariri hotuba moja kwa watu hao wote atajulikana mara moja. Ukitaka cha mvunguni, sharti uiname. Kuinama huko ni kusikiliza, jioni baada ya jioni, ukiwa umekalia mkeka na simu imezimwa.

Huru, lakini kwa masharti

Kabla ya Katiba ya 2010, hukuweza kugombea ubunge bila kudhaminiwa na chama. Wakati wa chama kimoja ilikuwa KANU au nyumbani, na wazazi wetu hawajaisahau kura ya mlolongo ya 1988, ambapo watu walipanga foleni hadharani nyuma ya mgombea au picha yake, na foleni fupi ikaweza kutangazwa ndefu.

Leo njia ya mgombea huru ipo, ila ina masharti. Ni lazima uwe hujakuwa mwanachama wa chama chochote kilichosajiliwa kwa muda wa angalau miezi mitatu kabla ya uchaguzi. Kwa ubunge, unahitaji kuungwa mkono na wapiga kura 1,000 walioandikishwa katika eneo lako. Kwa uwakilishi wadi katika bunge la kaunti, unahitaji 500. Ada ya kuwasilisha karatasi ni Sh20,000 kwa mbunge na Sh5,000 kwa mwakilishi wadi. Wanawake, vijana na watu wenye ulemavu hulipa nusu.

Ukiisoma orodha hiyo utaona si ya kutisha. Taabu iko kwingine. Mgombea wa chama hupewa alama ambayo watu wameizoea miaka mingi. Chungwa la ODM lilijulikana hata na bibi asiyejua kusoma. Mgombea huru huleta alama yake mwenyewe na kuanza kuifundisha kijiji baada ya kijiji. Mwenye chama hutumia maajenti wa chama. Wewe itakubidi utafute mtu mwaminifu wa kuketi katika kila kituo tangu alfajiri mpaka kura ya mwisho ihesabiwe, na umlishe.

Ndiyo maana tusidanganyane kuhusu neno "huru". Bader hakuwa na chama kwenye karatasi, lakini nyuma yake alikuwepo Naibu wa Rais na gavana wa kaunti. Katika uchaguzi mkuu wa 2022 alikitetea kiti chake, akashinda, safari hiyo kwa tikiti ya UDA, chama cha Ruto. Hakuna kosa hapo. Siasa ni kushikana mikono. Lakini kijana anayesimama peke yake, bila chama na bila mkubwa wa kumwinua, asidhani kwamba njia aliyopita Bader ni hiyo hiyo yake.

Mkono mtupu haulambwi

Tumefika swali la pili, linalovunja nyumba nyingi.

Utafiti wa shirika la Westminster Foundation for Democracy na lile la NIMD la Uholanzi, uliotolewa mwaka 2021, ulikadiria kwamba wagombea ubunge wa 2017 nchini Kenya walitumia kwa wastani Sh18.2 milioni kila mmoja. Wagombea wa wadi walitumia kama Sh3.1 milioni. Soma tarakimu hizo tena, ukikumbuka kwamba ada ya tume ni Sh20,000.

Zinakwenda wapi? Petroli. Vipaza sauti. Chai ya wajumbe. Mchango wa maziko, ambao hauwezi kukataliwa. Paa la madrasa. Kodi ya ofisi. Vijana wa kutembea nawe, ambao wakikosa posho leo watatembea na mwenzako kesho. Ipo sheria ya mwaka 2013 ya kudhibiti fedha za kampeni, lakini katika uchaguzi wa 2017 na wa 2022 hakuna kikomo kilichotumika. Kila mmoja alitumia kadiri ya mfuko wake, au wa rafiki yake.

Na hapa, baba na mama, ndipo mnapohitajika. Mgombea wa mara ya kwanza hulewa makofi. Atauza gari. Kisha ataliangalia shamba la babu. Kisha ataomba hati ya nyumba aiweke benki, "kwa miezi miwili tu". Kaeni kikao cha familia kabla ya karatasi kupelekwa kwa tume. Andikeni kiwango ambacho hakitapitwa. Karo za watoto na nyumba ya kulala zisiguswe, hata kama wapambe watakuja kuapa kwamba zimebaki kura mia mbili tu. Mgombea hushindwa siku moja. Deni lake huweza kukaa miaka kumi.

Tena mjue kwamba kununua kura ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016, kwa anayetoa na anayepokea. Mwenye kukupa milioni za kampeni naye hatoi sadaka. Ukishinda, atakuja na hesabu yake kabla hujazoea kiti. Hilo ndilo jibu la swali la tatu: aliyekulipia ndiye atakayekudai, na huenda akakudai kile kipande cha ufuo au cha shamba ulichowaahidi wapiga kura kukilinda.

Dada zetu je?

Msambweni si ngeni kwa wanawake. Katika uchaguzi mkuu wa Desemba 1997, eneo hilo lilimpeleka bungeni Marere wa Mwachai, mmoja wa wanawake wanne tu waliochaguliwa katika maeneo 210 ya Kenya nzima. Huo haukuwa mwaka wa kawaida Kwale. Miezi minne kabla, Agosti 1997, kituo cha polisi cha Likoni kilikuwa kimevamiwa, na machafuko yakasambaa kusini mwa Pwani, watu wakiuawa na maelfu wakikimbia nyumba zao. Mwaka 2022 kaunti hiyo ilimchagua Fatuma Achani, aliyekuwa naibu wa gavana tangu 2013, akawa gavana wa kwanza mwanamke katika Pwani.

Tazama njia ya Achani. Alikaa miaka tisa akifanya kazi nyuma ya mwingine kabla ya kuomba kura kwa jina lake. Ni somo lile lile la msaidizi wa mbunge: wanaoonekana wameibuka ghafula huwa wamekuwepo siku zote.

Hata ng'ambo ni hivyo. Huko Marekani kila jimbo lina bunge lake, kama kaunti zetu. Mwaka 2016 Ilhan Omar, Msomali aliyekuwa mkimbizi nchini Kenya miaka minne ya utoto wake, aliomba kiti katika bunge la jimbo la Minnesota. Katika mchujo wa chama chake alimshinda mbunge aliyekaa humo zaidi ya miaka 40. Kabla ya hapo alikuwa amefanya kazi kama msaidizi wa diwani wa jiji la Minneapolis. Unaona mambo yanavyofanana?

Kwa kijana wa Kwale, bunge la kaunti lenye wadi 20 za kuchaguliwa ndilo mlango mfupi. Huko ndiko kunakopitishwa bajeti ya zahanati, chekechea na maji, na jimbo lako la kampeni unaweza kulitembea kwa miguu.

Wapinzani wasioonekana

Jambo la mwisho. Siku ile ya Desemba 2020, Msambweni ilikuwa na wapiga kura wapatao 69,000 walioandikishwa. Jumlisha kura za Bader na Boga: hazifiki 26,000. Zaidi ya nusu ya wenye haki ya kuchagua walikaa nyumbani, kazini au baharini. Hofu ya Korona ilikuwepo, na uchaguzi mdogo kwa kawaida huwa na watu wachache. Hata hivyo, hao waliokaa kando walikuwa wengi kuliko waliompigia mshindi.

Mgombea mpya hupoteza usingizi akimwaza mpinzani mwenye magari mengi. Bora amuwaze yule mama wa Bongwe aliyechoka na ahadi, na mvuvi wa Funzi anayesema kura haijawahi kumletea nyavu. Ukiwapata hao, huna haja ya kumnyang'anya mtu wafuasi wake.

Na ukishindwa? Sheria inakupa siku 28 kwenda mahakamani, lakini dhamana ya kesi ya ubunge ni Sh500,000, kwa hiyo pima ushahidi wako kwanza, si hasira yako. Ukiona umeshindwa kwa haki, nenda kampe mwenzako mkono, kisha urudi kwenye mkeka ule ule ulioukalia wakati wa kampeni. Wenyeji watakuwa wakiangalia kama utarudi.

Basi mtoto akishamaliza kukujibu, kama bado anataka kusimama, usimzuie. Kiti hakina wenyewe. Mwambie aanze kesho: aende kwenye baraza la kijiji, aingie kamati ya shule au ya maji, asaidie watu kujaza fomu za basari. Na kwa mwaka mzima wa kwanza, asimwambie mtu yeyote kwamba anataka kura.